Maswali Yenu Kuhusu Filamu: Steringi Anapokufa

Barua za toleo hili zimetoka Tanga mjini, Muheza, Pangani, Korogwe na Bagamoyo, na karibu zote zimeandikwa na watu ambao wametazama filamu hivi karibuni, ya juzi au ya enzi za wazazi wao, ikawagusa au ikawachosha, nao wanataka kujua wenzao wanaionaje. Nimezijibu kwa kipimo kimoja, na ni vema nikitaje mapema ili anayenipinga ajue anapinga nini: naithamini zaidi filamu inayomwachia mtazamaji kazi ya kufanya, inayoamini kwamba ana macho na akili, kuliko ile inayomweleza kila kitu mara mbili.

*Mwanangu mwandishi, baada ya salamu. Sisi wa Ngamiani tulikulia kwenye picha za Kihindi na tuliamini kwamba steringi hafi. Majuzi mjukuu wangu aliniwekea "Sholay" nikaiona tena baada ya miaka mingi. Nauliza mambo mawili. Kwa nini Jai anakufa ilhali ndiye tuliyempenda kuliko wote? Na je, ni kweli kwamba zipo "Sholay" mbili, moja Gabbar anakamatwa na nyingine anauawa?*
— Mzee wa Ngamiani, Tanga

Shikamoo mzee wangu. Nianze na swali la pili. Ni kweli kwamba ipo miisho miwili. Mwongozaji, Ramesh Sippy, alipiga kwanza mwisho ambamo Thakur, yule ofisa wa zamani wa polisi aliyekatwa mikono yote miwili, anamuua jambazi Gabbar kwa kumkanyaga kwa viatu vyenye misumari. Filamu ilitoka Agosti 1975, India ikiwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Juni mwaka huohuo, na wakaguzi wa filamu hawakukubali kumwona mtu aliyetumikia polisi akijichukulia sheria mkononi. Ndipo ukapigwa mwisho wa pili, ambamo polisi wanatokea dakika za mwisho na kumchukua Gabbar, na huo ndio uliozunguka duniani na kufika kwenye majumba yetu ya sinema. Mwaka 2025, filamu ilipotimiza miaka 50, nakala iliyokarabatiwa yenye mwisho wa awali ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Bologna, Italia. Kwa maoni yangu mwisho wa awali ndio wenye haki na filamu yenyewe. Tumekaa na Thakur zaidi ya saa tatu tukisubiri tuone mtu asiye na mikono atalipaje kisasi, halafu wanatokea polisi, kama wageni waliofika karamuni sufuria zimekwisha kuoshwa.

Sasa tuje kwa Jai, kwa sababu hapo ndipo penye utajiri. Kumbuka sarafu yake. Kila yeye na rafiki yake Veeru, waliokodiwa na Thakur wamkamate Gabbar, wanapobishana, Jai anarusha sarafu, na kila mara inaamua mambo upande mmoja. Daraja linapobaki na mtu mmoja wa kulizuia, sarafu inaamua kwamba abaki Jai. Ni pale tu anapokwisha kufa ndipo Veeru anaiokota na kugundua kwamba pande zake zote mbili zinafanana, yaani rafiki yake hakuwahi kubahatisha hata mara moja, alikuwa akichagua. Hakuna mtu anayesimama kutueleza jambo hilo kwa hotuba. Veeru anaitazama sarafu, nasi tunalazimika kurudi nyuma wenyewe, tukio kwa tukio, tukihesabu upya kila mara iliporushwa. Steringi amekufa, lakini amekufa kwa uamuzi wake, na uamuzi huo ulikuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo.

Ukiitazama tena, mzee wangu, angalia pia jioni zile ambazo Jai anapiga kinanda cha mdomo kwenye baraza, na ng'ambo ya pili ya ua Radha, mkwe wa Thakur aliyefiwa na mume, anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemi kitu. Radha karibu hasemi neno katika muda wote wa ujane wake, na bado mapenzi yao ndiyo yanayoumiza kuliko yale ya Veeru na Basanti yenye maneno mengi na nyimbo. Angalia vilevile namna mauaji ya familia ya Thakur yalivyopigwa: tunaisikia bembea tupu ikilia kwa upepo, na risasi inayomuua mtoto tunaisikia bila kuiona ikimpata. Gabbar tumemwogopa miaka 50 kwa sababu ya mambo ambayo hatukuonyeshwa.

*Shikamoo Mama. Nyumbani kwetu kila Ramadhani tunatazama "The Message". Mwaka huu mdogo wangu wa kiume aliniuliza kwa nini Mtume (s.a.w.) haonekani wala sauti yake haisikiki, na kwa nini watu wanazungumza huku wanatutazama sisi. Je, hilo ni suala la dini peke yake au ni ufundi pia? Na ipi bora, ya Kiarabu au ya Kiingereza?*
— Binti wa Makorora, Tanga

Marahaba mwanangu, na mwambie mdogo wako kwamba ameuliza swali la mwongozaji. Sababu ya kwanza ni dini: Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo huko Syria, aliheshimu katazo la kumwigiza Mtume, na pia hakumwonyesha Ali, ambaye tunauona upanga wake tu wenye ncha mbili. Lakini katazo halimwelekezi mtu aweke kamera wapi. Akkad aliamua kuiweka mahali ambapo Mtume angesimama, hivyo Hamza, ami yake Mtume, anapozungumza naye, anazungumza na kamera, na kwa kuwa sisi tunaona kwa jicho la kamera, tunasogelewa kwa heshima, tunasikilizwa, na wakati mwingine tunatupiwa mawe. Filamu iliyozuiwa kumwonyesha mhusika wake mkuu imetuweka karibu naye kuliko filamu nyingi zinazowaonyesha wahusika wao kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu nakala, ujue kwamba hazikutofautishwa kwa kubadilisha sauti. Matukio ya mazungumzo yalipigwa mara mbili, na vikundi viwili tofauti vya waigizaji. Hamza wa Kiingereza ni Anthony Quinn na wa Kiarabu ni Abdullah Gaith. Hind, mke wa Abu Sufyan, wa Kiingereza ni Irene Papas na wa Kiarabu ni Muna Wassef. Kazi ilianzia Morocco, ikakumbwa na upinzani, ikamalizikia Libya. Mimi naipenda zaidi ya Kiarabu, hasa kwa sababu ya Muna Wassef, ambaye chuki ya Hind kwake ina maumivu ya mtu aliyefiwa, na kwa sababu mabishano ya Makureshi yana mdundo ambao Kiingereza hakiubebi. Quinn, hata hivyo, ana kishindo chake; Hamza anapotoka jangwani na kumkabili Abu Jahli, uzito wa mwili wake unatosha kunyamazisha uwanja.

Mwonyeshe mdogo wako tukio la Bilal anapopanda juu kutoa adhana ya kwanza. Johnny Sekka, mwigizaji mwenye asili ya Afrika Magharibi, anaanza kwa kusitasita, na kamera inazirudia nyuso za wanaosikiliza. Mtoto aliyezoea kuisikia adhana mara tano kwa siku ataisikia kana kwamba haijawahi kutolewa.

*Dada mwandishi, huku kwetu kwenye vibanda umiza tunatazama filamu za Kikorea, za Kichina na za Kimarekani zilizotafsiriwa, yaani mtafsiri anaongea kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Mwalimu wangu anasema huko ni kuharibu filamu. Wewe unasemaje?*
— Kijana wa Muheza

Mwalimu wako ana sehemu ya ukweli, nami nitamtetea mtafsiri kwanza. Mtafsiri mzuri wa kibanda umiza ni msimulizi kamili: anajua kuharakisha, kungojea, kutia chumvi na kumpa kila mhusika sauti yake, na amewafungulia mlango wa sinema ya dunia watu ambao wasingeweza kufuata maandishi yanayopita chini ya picha. Kwa filamu ya mapigano au ya mikasa, mimi naona hakuna hasara kubwa, na mara nyingine filamu dhaifu hupata uhai kutokana na mdomo wake.

Hasara ipo kwenye kimya. Mtafsiri hulipwa ili aongee, hivyo filamu inaponyamaza yeye hujaza. Mwaka 2014 Abderrahmane Sissako alitoa "Timbuktu", filamu inayohusu mji wa Mali uliotekwa na watu wenye silaha wanaokataza muziki na mpira. Vijana wa mji wanacheza mechi nzima bila mpira: wanakimbia, wanapiga pasi, wanaokoa goli, wanashangilia, na katikati yao hakuna kitu. Wanapopita walinzi kwa pikipiki, vijana wanageuka kuwa watu wanaofanya mazoezi ya viungo. Mtafsiri akisema hapo "sasa wanacheza mpira wa kufikirika kwa sababu wamekatazwa", amekunyang'anya kitu ambacho ungekigundua wewe mwenyewe kwa furaha na uchungu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: furahia vibanda, lakini filamu ya aina hiyo itafute yenye sauti yake, uitazame hata kama hukupata kila neno.

*Ndugu mwandishi, nafundisha Kiswahili sekondari. Nimeitazama "Vuta N'Kuvute" pamoja na wanafunzi waliokwisha kuisoma riwaya, nao wamelalamika kwamba mambo mengi yameachwa na kwamba filamu inakwenda polepole. Nikiri kwamba nami nilikubaliana nao. Je, tunaionea?*
— Mwalimu wa Chumbageni, Tanga

Mwalimu, malalamiko ya kwanza nadhani mnaionea, ya pili yanastahili mjadala. Riwaya ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ina watu wengi, safari nyingi na miaka mingi, na filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ina muda unaozidi kidogo dakika 90. Mwongozaji alilazimika kuchagua, naye akachagua kukaa karibu na Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume anayemzidi sana umri, akamkimbia na kupata hifadhi kwa Mwajuma, kisha akampenda Denge anayepambana na utawala wa Waingereza. Aliyeisoma riwaya atakosa mengi, ila atakachokipata ni Unguja ya miaka ya 1950 inayoonekana: vichochoro, vyumba vya taa hafifu, jasho la shingoni, nguo zinazosikika zinapopita.

Mwendo wa polepole umekusudiwa, na mara nyingi unalipa. Filamu inamtazama Yasmin akisikiliza zaidi kuliko akizungumza, na kutokana na kusikiliza kwake ndipo tunapoona mtu wa ndani aliyelelewa awe mtiifu akianza kuwa na maoni yake. Lakini nakubaliana na wanafunzi wako kwenye jambo moja. Mapambano ya siasa yamebaki kwenye vivuli mno. Katika riwaya tunaielewa hatari anayoikimbia Denge kwa sababu tunawajua wenzake na tunawajua wanaomfuata; katika filamu hatari hiyo mara nyingine inabaki kuwa hali ya hewa tu, na mtu asiyeisoma riwaya anaweza kumwona Denge kuwa ni mpenzi mwenye siri badala ya mwanaharakati mwenye shabaha. Kumwamini mtazamaji ni pamoja na kumpa vitu vya kutosha vya kufanyia hiyo kazi yake.

Pamoja na hayo, waambie wanafunzi kwamba hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kuonyeshwa katika tamasha la kimataifa la Toronto, na kwamba nchi yetu iliipeleka kuwania Oscar, jambo ambalo lilikuwa limefanyika mara moja tu kabla ya hapo, kwa "Maangamizi" ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Wape zoezi la kuchagua sura moja ya riwaya na kuandika wangeipiga vipi bila mazungumzo. Nina hakika malalamiko yao yatabadilika sura.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa hapa Bagamoyo. Nimetazama "Sinners" ya mwaka 2025 na sijalala vizuri tangu siku hiyo. Sisi tuna majini, mizimu na waganga kwenye filamu zetu kila siku, lakini hakuna anayeogopa. Tunakosea wapi? Na je, kuzisema vibaya filamu za nyumbani si kuwavunja moyo wenzetu?*
— Mwanafunzi, Bagamoyo

Marahaba. Nianze na la mwisho. Msanii anavunjwa moyo na kupuuzwa. Kutazamwa kwa makini, hata anapokosolewa, ni heshima. Vijana wa Bongo Movie walijenga soko zima kwa fedha zao wenyewe, na Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 akiwa bado kijana, aliwafanya watu wa nchi nzima na majirani zetu waamini kwamba sura ya Mtanzania inaweza kubeba filamu. Kwa sababu hiyohiyo tuna wajibu wa kusema ukweli.

Chukua "Sinners". Ryan Coogler anatupeleka Mississippi mwaka 1932, ambako mapacha wawili, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanarudi nyumbani kufungua ukumbi wa muziki. Muda mrefu sana wa mwanzo hakuna la kutisha. Tunawaona wakinunua jengo, wakitafuta mpiga kinanda, mpishi na mlinzi wa mlangoni, wakikutana na wapenzi waliowaacha. Wanyonya damu wanapofika mlangoni usiku, tayari tunamjua kila mtu aliyemo ndani na tunajua kila mmoja ana nini cha kupoteza. Isitoshe, wanyonya damu hao hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe, hivyo hofu yote inakaa kwenye kizingiti na kwenye adabu ya kumkaribisha mgeni. Watu wa mwambao tunalielewa hilo bila kuelezwa. Filamu zetu nyingi humleta jini dakika ya tano, likiwa limepakwa rangi usoni na kupigiwa muziki wa kutisha, kabla hatujamjua hata jina yule linayemwandama.

Tazama tena lile tukio kijana Sammie anapoimba, na ghafla katikati ya wachezaji wanatokea wapiga ngoma wa Afrika ya zamani, mpiga gitaa la umeme wa miaka ya baadaye, na vijana wa leo, wote kwenye sakafu moja. Hakuna maandishi yanayotaja ni nani na wa mwaka gani. Mtu aliyewahi kukesha kwenye ngoma anajua kwamba waliokufa nao huhudhuria. Mali hii tunayo sisi kwa wingi. Tunachokosa ni subira ya kuiandaa.

Jambo jingine ni sauti na mahali. Filamu zetu nyingi hukaa sebuleni, watu wawili kwenye makochi wakisimuliana mambo ambayo tungepaswa kuyaona, huku kinanda kikitusukuma tulie. Wewe uko Bagamoyo, na huna haja ya kwenda mbali kupata mfano. Tamthilia ya "Siri ya Mtungi", iliyoanza mwaka 2012, ilimfanya mpigapicha wa Bagamoyo, Cheche, kuwa mhusika wake mkuu, na mji wenyewe ukawa sehemu ya hadithi badala ya kuwa pazia la nyuma. Itafute pia "These Hands" ya Flora M'mbugu-Schelling ya mwaka 1992, dakika 45 tu, inayowatazama wanawake wakimbizi wa Msumbiji wakiponda mawe kwa nyundo Dar es Salaam. Hakuna msimulizi. Nyundo inapiga jiwe, mtoto analala pembeni, mwanamke anapangusa vumbi na kuendelea, na baada ya robo saa mikono yako mwenyewe inaanza kuuma. Ukimaliza, chukua kamera uende ufukweni asubuhi wavuvi wanapoleta samaki, upige dakika kumi bila mtu yeyote kuielezea kamera chochote, kisha uone kama zinatazamika.

*Mwandishi, watoto wangu wamezama kwenye vipande vya video vya kwenye simu. Nitajie filamu moja ya zamani na moja ya karibuni wanazoweza kutazama mpaka mwisho.*
— Baba watatu, Pangani

Ya zamani, "City Lights" ya Charlie Chaplin ya mwaka 1931. Haina mazungumzo ya kusikika, kwa hiyo lugha si kikwazo, watoto watacheka kuanzia mwanzo, na pale mwishoni msichana aliyekuwa kipofu anapomtambua aliyemsaidia kwa kuugusa mkono wake, hata wewe utahitaji leso. Ya karibuni, "Supa Modo" ya Likarion Wainaina kutoka Kenya, ya mwaka 2018, ambamo kijiji kizima kinashirikiana ili mtoto Jo, aliye mgonjwa sana, awe shujaa wa filamu yake. Kaa nao hiyo ya pili, kwa sababu ina msiba ndani yake na watakuwa na maswali. "Sinners" niliyoitaja hapo juu si ya watoto hata kidogo.

*Bwana mkubwa kazini kwetu anaisifu sana "Hatari!" ya John Wayne, kwa kuwa ilipigwa hapahapa. Inastahili?*
— Msomaji, Korogwe

Inastahili kwa nusu. Howard Hawks aliipiga Tanganyika, pande za Arusha, ikatoka mwaka 1962, na zile mbio za kukamata vifaru na twiga kwa magari ni za kweli, waigizaji wenyewe wakiwa ndani ya magari; hakuna kompyuta iliyotengeneza vumbi lile. Muziki wa Henry Mancini, hasa ule wa watoto wa tembo, bado unachekesha na kupendeza. Nusu inayobaki inaudhi, kwa maana wenyeji wa nchi wanabeba mizigo, wanaendesha, wanakimbia, na karibu hawapewi neno la kusema katika nchi yao iliyokuwa imekwisha kupata uhuru. Itazame kwa ajili ya wanyama na muziki. Umweleze na bwana mkubwa kwamba takriban miaka kumi kabla ya hapo, Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka huohuo wa 1962, alikwisha kuigiza kama mhusika mkuu katika "Muhogo Mchungu", na huko Mtanganyika ndiye aliyekuwa na maneno.